WOGA WA ANAYEANZA: SOMO KUTOKA ULINGO WA MAONYESHO YA MBWA

Mtu anayeshiriki maonyesho ya mbwa kwa mara ya kwanza huwa amejiandaa kwa miezi kadhaa. Mbwa wake amesuguliwa manyoya, amekatwa kucha, amefundishwa kusimama na kutembea. Ada imelipwa. Kisha kundi lake linaitwa, naye anaingia ulingoni na nambari kifuani. Hapo ndipo mambo yanapogeuka. Kinywa kinakauka, vidole vinatetemeka, na maagizo mepesi ya mwamuzi yanampita masikioni kama maneno ya lugha asiyoijua. Mbwa ambaye nyumbani alisimama kama sanamu, sasa anakunja mkia na kujificha nyuma ya miguu ya mwenyewe. Dakika mbili zinakwisha. Mtu anatoka uwanjani akiwa ameamua kwamba kazi hii si yake.

Uamuzi huo aghalabu ni wa makosa. Yaliyompata si dalili ya upungufu wa kipaji wala ya udhaifu wa tabia. Ni kazi ya kawaida ya mwili, ambayo wanasayansi wameichunguza kwa zaidi ya miaka mia moja, na ambayo inaweza kuongozwa na mtu anayeielewa. Makala haya yanaeleza woga huo unatokana na nini, kwa nini huongezeka mbele ya watu, jinsi unavyomfikia mnyama, na njia za kuupunguza. Mfano wa maonyesho ya mbwa unafaa kwa sababu moja kubwa: hapo woga una mashahidi wawili, mtu na mnyama, na huyo wa pili hawezi kudanganywa kwa maneno.

Maonyesho yenyewe

Desturi hii ilianzia Uingereza. Maonyesho yanayohesabiwa kuwa ya kwanza yalifanyika Newcastle upon Tyne mwaka 1859, nayo yalikuwa ya mbwa wa kuwindia ndege tu. Mwaka 1873 chama cha Kennel Club kiliundwa mjini London ili kuweka kanuni na daftari la nasaba za mbwa. Maonyesho ya Westminster yalianza mjini New York mwaka 1877. Na mwaka 1891 mfanyabiashara Charles Cruft alianzisha mjini London maonyesho ambayo hata leo yanaitwa Crufts, na ambayo tangu mwaka 1991 hufanyika Birmingham. Afrika nayo ina sehemu yake. Mwaka 1937 basenji, mbwa wa Kongo ambaye habweki kama mbwa wengine, aliwavuta watazamaji wengi alipoonyeshwa Crufts. Katika Afrika ya Mashariki, maonyesho ya namna hii huendeshwa Nairobi na chama cha East Africa Kennel Club.

Watu wengi hudhani kwamba mwamuzi huwalinganisha mbwa wao kwa wao, au humchagua anayempendeza macho. Sivyo. Kila aina ya mbwa ina maandiko yanayotaja sifa zake: kimo, umbo la kichwa, meno, manyoya, mwendo na hata tabia. Mwamuzi hulinganisha kila mbwa na maandiko hayo. Kwanza huwatazama wote wakiwa wamepangwa mstarini au wakizunguka ulingo. Kisha humwita mmoja mmoja. Mbwa mdogo huwekwa juu ya meza, mkubwa husimama chini. Mwamuzi huuliza umri wake, hutazama meno, hupapasa mabega, mgongo na mapaja, halafu huagiza atembezwe, pengine kwa njia ya pembetatu, pengine kwa kwenda na kurudi mstari mmoja.

Kwa hiyo mwonyeshaji ana kazi nne tu: kumsimamisha mbwa vizuri, kumtuliza anapopapaswa na mgeni, kumtembeza kwa mwendo unaomfaa bila kumziba mwamuzi asimwone, na kusikiliza maagizo. Hakuna hata moja iliyo ngumu ikifanywa uani nyumbani. Ugumu huletwa na macho ya watu.

Mwili unapojiandaa kwa hatari

Mwaka 1915 Walter Cannon, mtaalamu wa elimu ya mwili katika Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha kitabu kilichoeleza mabadiliko ya mwili wakati wa maumivu, njaa, hofu na hasira. Alionyesha kwamba mnyama akikabiliwa na hatari, mwili wake hujitayarisha kwa mojawapo ya mambo mawili: kupigana au kukimbia.

Mpango wenyewe ni huu. Ubongo ukiona hatari, hupeleka habari kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Tezi hizo humwaga homoni iitwayo adrenalini ndani ya damu. Moyo hupiga kwa kasi na kwa nguvu. Ini hutoa sukari iliyohifadhiwa ili iwe chakula cha misuli. Damu hupunguzwa tumboni na kwenye ngozi, ikaelekezwa kwenye misuli mikubwa. Ndiyo sababu tumbo husokota na uso wa mwenye hofu hupauka. Mate hupungua, na kinywa hukauka. Viganja hutoka jasho. Misuli hukaza ikingoja kazi, na misuli iliyokazwa bila kupewa kazi hutetemeka.

Msomaji atambue kwamba kila dalili katika orodha hiyo ina faida kwa mtu anayefukuzwa na nyati. Tatizo ni kwamba ubongo hautofautishi sana hatari ya mwili na hatari ya heshima. Kwa kiumbe aliyeishi siku zote katika jamii, kudharauliwa na wenzake ni jambo zito. Kwa hiyo mwamuzi mwenye kalamu mkononi huamsha mitambo ileile iliyowekwa kwa ajili ya nyati, ingawa safari hii hakuna wa kupigana naye wala pa kukimbilia.

Hata hivyo, adrenalini haidumu katika damu zaidi ya dakika chache isipomwagwa nyingine. Wimbi kubwa la kwanza hupita lenyewe. Lakini mtu anayezitazama dalili zake kwa hofu, akisema moyoni, "Natetemeka, nimekwisha," huufanya ubongo uone hatari mpya, na tezi humwaga tena. Woga wa kuogopa ndio unaorefusha woga.

Macho ya watazamaji

Je, kuwapo kwa watu humsaidia mtendaji au humdhuru? Kwa muda mrefu majaribio yalitoa majibu yanayopingana. Mwaka 1965 Robert Zajonc, mtaalamu wa elimu ya nafsi nchini Marekani, alitoa ufumbuzi. Alisema kwamba macho ya wengine huuchangamsha mwili, na mwili uliochangamka hutoa kwa nguvu zaidi lile tendo lililokwisha kuzoeleka. Ikiwa tendo lililozoeleka ni sahihi, mtu hufanya vizuri kuliko akiwa peke yake. Ikiwa bado hajazoea, makosa ndiyo yaliyo karibu, nayo ndiyo yatakayotokea.

Mwaka 1969 yeye na wenzake walilijaribu wazo hilo kwa mende. Mende waliowekwa kwenye njia iliyonyooka walikimbia upesi zaidi wakitazamwa na mende wenzao. Waliopewa njia ya kukata kona, ambayo ni ngumu zaidi kwao, walichelewa walipotazamwa. Ikiwa jambo hili linamtokea hata mdudu, basi mwonyeshaji mgeni hana sababu ya kuona aibu.

Kabla ya hapo, mwaka 1908, Robert Yerkes na John Dodson walikuwa wamewafundisha panya kuchagua kati ya kisanduku cheupe na cheusi, wakiwaadhibu kwa umeme walipokosea. Pale ambapo tofauti ya visanduku ilionekana wazi, adhabu kali iliharakisha kujifunza. Lakini tofauti ilipofanywa ngumu kuonekana, panya waliopata adhabu ya wastani walijifunza upesi kuliko waliopata kali. Fundisho ambalo wataalamu wamelichukua hapo ni kwamba kiasi fulani cha msisimko kinafaa, na kwamba kadiri kazi inavyokuwa ngumu ndivyo kiasi kinachofaa kinavyopungua.

Kutokana na majaribio hayo tunapata kanuni mbili. Kwanza, lengo si kuufuta woga wote. Mtu asiye na msisimko wowote hutembea kama aliyelala, na mbwa wake vivyo hivyo. Pili, dawa kubwa ya woga ni kuifanya kazi iwe nyepesi kwa mazoezi, hata ifikie kufanywa na mikono yenyewe bila kufikiri.

Woga unaposhuka kwa kamba

Waonyeshaji wa zamani wana msemo kwamba woga hushuka kwa kamba. Sayansi imethibitisha sehemu ya msemo huo, na imeongeza kwamba hata kamba si lazima.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's mjini Belfast walichukua pumzi na jasho la watu 36 kabla na baada ya kuwapa hesabu ngumu ya kichwa, ya kuhesabu kwa sauti kurudi nyuma kutoka 9,000 kwa kupunguza 17 kila mara. Mbwa wanne waliofunzwa walitakiwa kuteua harufu iliyochukuliwa baada ya hesabu. Katika majaribio 720 walipatia asilimia 93.75. Ni dhahiri kwamba mwili ulioingiwa na taharuki hubadilika harufu, na kwamba mbwa huijua harufu hiyo.

Utafiti huo haukuonyesha kama harufu yenyewe humsumbua mbwa. Lakini mwaka 2018 watafiti wa Italia walikuwa wamewapa mbwa jasho la watu waliotazama filamu ya kutisha, na jasho la waliotazama filamu ya kufurahisha. Mbwa walionusa jasho la hofu walionyesha dalili nyingi zaidi za wasiwasi, na mioyo yao ilipiga kwa kasi zaidi.

Zaidi ya harufu, mikono nayo husema. Mwenye hofu hushika kamba kwa kuikaza. Kamba iliyokazwa huinua shingo ya mbwa na kuharibu mwendo wake. Pia humpa habari kwamba mbele kuna jambo baya, nalo linakuja pamoja na mgeni anayenyosha mkono. Mbwa akipatwa na hali hiyo mara kadhaa hujifunza kuuogopa ulingo wenyewe. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hii ndiyo hasara kubwa kuliko kukosa zawadi. Mtu aweza kuacha maonyesho na kurudi kwenye shughuli zake, lakini mbwa aliyekwisha kujifunza kumwogopa kila mgeni anayemgusa huishi na hofu hiyo nyumbani, njiani na kwa daktari wa mifugo. Kwa hiyo kuushughulikia woga si suala la fahari ya mwonyeshaji. Ni sehemu ya utunzaji wa mnyama.

Kupanda ngazi

Mwaka 1924 Mary Cover Jones, nchini Marekani, aliripoti habari za mtoto mdogo aliyemwogopa sungura. Hakumlazimisha kumshika. Alimleta sungura mbali, mtoto akiwa anakula chakula akipendacho, kisha akamsogeza kidogo kidogo siku hadi siku, mpaka mtoto akacheza naye. Mwaka 1958 daktari Joseph Wolpe, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, alichapisha kitabu kilichoifanya njia hiyo kuwa tiba kamili: mgonjwa hupanga mambo anayoyaogopa kutoka dogo hadi kubwa, akajifunza kuulegeza mwili, kisha akapanda hatua moja moja, bila kuivuka yoyote kabla haijawa rahisi.

Mwonyeshaji mpya anaweza kujipangia ngazi kama hii:

1. Kufanya kazi zote nne uani, peke yake na mbwa, dakika chache kila siku.
2. Kufanya hivyo mbele ya mtu mmoja wa nyumbani, ambaye atamgusa mbwa meno na mgongo kama mwamuzi.
3. Kufanya hivyo mbele ya wageni watatu au wanne, mahali pasipo nyumbani.
4. Kwenda kwenye maonyesho bila mbwa, kuketi kando ya ulingo na kujifunza utaratibu.
5. Kuhudhuria darasa la mazoezi ya ulingo. Nchini Uingereza vyama vingi vya mbwa huendesha madarasa hayo jioni.
6. Kushiriki maonyesho madogo ya hisani, ambako mtu hujiandikisha siku ileile na hakuna cheo kikubwa kinachogombewa.
7. Kushiriki maonyesho rasmi, kwa nia ya kujifunza tu.

Mbwa naye hupanda ngazi hiyohiyo, na katika kila hatua apewe kipande cha nyama au mchezo aupendao, ili mkono wa mgeni uwe ishara ya jambo jema. Kazi hiyo ianze mapema. Uchunguzi uliochapishwa na John Paul Scott na John Fuller mwaka 1965 ulionyesha kwamba majuma kati ya la 3 na la 12 ya umri wa mbwa ndiyo wakati anapozoea watu kwa urahisi kuliko wakati mwingine wowote. Kanuni za Uingereza haziruhusu mbwa ashindanishwe kabla ya miezi 6, lakini kumzoesha kuguswa na watu wema hakungoji umri huo.

Siku yenyewe

Kuna mambo manne yanayosaidia pale ambapo mazoezi yamekwisha na wito unangojewa.

La kwanza ni pumzi. Moyo huenda kasi kidogo mtu avutapo pumzi, na hupunguza mwendo anapoitoa. Kwa hiyo kutoa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko kuivuta, huushusha mwendo wa moyo. Pumzi sita hivi kwa dakika zinatosha, nazo zaweza kuvutwa mstarini bila mtu yeyote kujua.

La pili ni jina analoupa msisimko wake. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Harvard aliwaomba watu waimbe, watoe hotuba au wafanye hesabu mbele ya wengine. Waliojiambia kwamba wamechangamka walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Mioyo ya waimbaji ilidunda vilevile. Kilichobadilika ni maana waliyoipa hali yao. Ni rahisi zaidi kuugeuza msisimko kuwa hamu kuliko kuuzima.

La tatu ni kujua kwamba woga hauonekani kama unavyohisiwa. Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwavisha wanafunzi fulana ya kuaibisha, wakawaingiza katika chumba chenye wenzao. Waliovaa walidhani karibu nusu ya wenzao wameitambua fulana. Walioitambua walikuwa karibu robo tu. Katika utafiti mwingine wa mwaka 2003, wasemaji walioelezwa mapema kwamba hofu yao haionekani sana kwa wasikilizaji walitoa hotuba bora. Ulingoni hali ni hiyohiyo, tena zaidi, maana macho ya mwamuzi yako kwa mbwa.

La nne ni kuyaelekeza mawazo nje. Mtu anayejiuliza, "Wananionaje?" hulisha woga. Anayejiuliza, "Je, mguu wa nyuma wa mbwa umekaa sawa? Je, masikio yake yameinuka?" hana nafasi ya kujitazama. Kumtumikia mbwa ndiyo njia fupi ya kujisahau.

Kwa upande mwingine, pombe haifai, kwa kuwa hupunguza umakini na uratibu wa viungo pamoja na woga. Vidonge vinavyotuliza mapigo ya moyo navyo visitumiwe bila agizo la daktari. Baadhi yake ni vya hatari kwa wenye pumu. Na ikiwa hofu ya watu inamzuia mtu kufanya kazi, kusoma au kuishi na wenzake, hiyo si haya ya mgeni tena, bali ni ugonjwa unaotibika, na mahali pake ni hospitali.

Baada ya ulingo

Katika kila kundi anayeshika nafasi ya kwanza ni mmoja. Waliobaki wote, hata wenye ujuzi wa miaka mingi, hutoka bila ushindi huo. Mwonyeshaji mpya asijipime kwa kitambaa cha zawadi siku ya kwanza. Ajiulize mambo matatu yanayopimika: Je, alisikia kila agizo? Je, kamba ilikuwa legevu? Je, mbwa alitoka mkia ukiwa juu? Aliyeweza kujibu ndiyo kwa moja leo ana msingi wa la pili kesho. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Somo hili halina mipaka ya ulingo. Mwalimu mgeni anayekaguliwa, mwanafunzi anayetahiniwa kwa mdomo, na shahidi anayesimama mahakamani wote wana tezi zilezile juu ya figo zao. Tofauti ni kwamba hao hawana mnyama kando yao wa kuwaambia ukweli. Mwonyeshaji wa mbwa anaye. Akitaka kujua kama ametulia kweli, amtazame aliye upande wa pili wa kamba.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kinywa hukauka mtu anapoogopa, na jambo hilo lina faida gani kwa kiumbe aliye hatarini?
2. Mende waliotazamwa walikimbia upesi kwenye njia iliyonyooka, wakachelewa kwenye kona. Eleza sababu, kisha toa mfano wa namna hiyo kutoka katika kazi yako.
3. Chagua jambo moja unaloliogopa kufanya mbele ya watu. Lipangie ngazi yenye hatua saba, na uandike alama itakayokuonyesha kwamba uko tayari kuiacha kila hatua.